Tela Lenye Boksi: Tupime Kabla ya Kuchomelea

Tela lenye boksi lililofungwa hukinga mazao na mvua, na fundi anaweza kulitengeneza nyumbani. Tuzingatie haya:

1. Fremu: Tupime kona hadi kona, kwa mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana, fremu haijapinda, ndipo tuchomelee.

2. Ekseli: Ikae nyuma kidogo ya katikati, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ielemee ndoano ya gari. Uzito ukielemea nyuma, tela huyumba kwenye mwendo na laweza kupindua gari.

3. Minyororo: Miwili, ipishane chini ya mkono wa tela. Ndoano ikiachia, mkono hautachimba barabara.

Mizigo mizito tuipange chini, mbele kidogo ya ekseli. Watu wasipande kamwe.