Mraba, Robo na Tarbia: Mzizi wa Nne katika Istilahi za Kiswahili

Makala haya yanachunguza asili na maana za neno mraba, istilahi ya hisabati ambayo imezoeleka mno hata ni nadra kuhojiwa. Mjadala kuhusu istilahi za sayansi aghalabu huelekezwa kwa maneno mapya, yale ambayo bado yanagombaniwa. Ilhali neno kongwe lenye maana mbili zinazokaribiana laweza kumpotosha msomaji zaidi kuliko neno geni, kwa kuwa msomaji huyo hudhani kwamba analielewa.

Mraba limetoholewa kutoka Kiarabu, murabba', yaani kilichofanywa kuwa nne au chenye pande nne. Mzizi wake ni konsonanti tatu, r, b na ain, na ndio unaozaa arba'a, nne. Neno lilipoingia Kiswahili lilipatwa na mabadiliko mawili. Sauti ya ain ilidondoka, kwa kuwa haimo katika fonolojia ya Kiswahili. Pili, kiambishi mu- cha Kiarabu kilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya U-I. Hivyo basi tukapata mraba, miraba, kama vile mti, miti. Mstatili nalo lilifuata njia iyo hiyo. Lugha haikukopa tu. Ililivisha neno vazi la Kibantu, na leo mzungumzaji asemaye "njemba ya miraba minne" kwa maana ya mtu aliyejengeka mwili hahisi ugeni wowote.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba idadi yenyewe haikukopwa. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, bali nne ni ya Kibantu, na undugu wake na inya ya Kikuyu na Kikamba ni dhahiri. Hata hivyo, makumi manne yalishindwa na arobaini. Kwa hiyo Kiswahili kina nne mbili: ya Kibantu, inayohesabu vitu, na ya Kiarabu, inayotawala vipimo, maumbo na tungo. Mgawanyo huu unaonekana wazi katika jozi ya pembenne na mraba. Pembenne ni umbo lolote lenye pembe nne. Mraba ni lile ambalo pande zake zote ni sawa na kila pembe yake ni ya nyuzi 90. Kila mraba ni pembenne, lakini si kila pembenne ni mraba.

Ndugu wa mraba anayesikika zaidi Nairobi ni robo. Kwenye bucha za Kawangware na Kangemi mteja huagiza robo bila kutaja kilo, na muuzaji hupima gramu 250. Saa tatu kasorobo, robo fainali, robo ekari: zote zatoka kwenye rub' ya Kiarabu, sehemu moja ya nne. Kwa upande wa fasihi kuna tarbia, shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, ambalo wahakiki hulihusisha sana na Muyaka bin Haji wa Mombasa. Hapa kudondoka kwa ain kumeacha mtego. Kiswahili kina pia tarbia kwa maana ya malezi, na wapo wanafunzi wanaojitahidi kueleza jinsi shairi la tarbia "linavyolea". Maneno haya hayana uhusiano. La malezi latokana na mzizi mwingine wa Kiarabu, usio na ain. Ni homonimu zilizozaliwa na matamshi ya Kiswahili.

Turejee kwenye mraba, kwani hapa ndipo penye gharama. Neno hili lina kazi mbili za kisayansi. Kwanza ni jina la umbo. Pili ni jina la kizio cha eneo, kama katika mita za mraba. Linganisha: "mraba wa mita nne" na "mita nne za mraba". Kauli ya kwanza, iwapo mita nne ni urefu wa upande, yataja eneo la mita 16 za mraba. Ya pili yataja eneo la mita nne za mraba tu. Kihusishi kimehama, na eneo limepungua mara nne. Anayeandika "mita nne mraba" pasipo kihusishi hajasema lolote la hakika.

Jijini Nairobi utata huu hauishii darasani. Ploti ya futi 50 kwa 100 hutangazwa kila mara kuwa "nusu robo", yaani sehemu moja ya nane ya ekari. Eneo lake ni futi 5,000 za mraba, ingawa umbo lake si mraba bali mstatili. Ekari moja ni futi 43,560 za mraba, na nusu robo yake ni 5,445. Mnunuzi amepungukiwa futi 445 za mraba, takriban mita 41 za mraba, ukubwa wa vyumba kadhaa vya kupangisha. Hati ya ardhi hutaja hekta. Anayejua kwamba nusu robo kamili ni takriban hekta 0.051, na kwamba ploti ya 50 kwa 100 ni takriban 0.046, ataiona tofauti kabla ya kutoa fedha zake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, hisabati nchini hufundishwa aghalabu kwa Kiingereza, tofauti na shule za msingi za umma za Tanzania, ambako mtoto hukutana na mraba mapema. Matokeo yake ni kwamba Mkenya hujifunza robo kwenye bucha na mraba kwa dalali. Kuunda neno jipya hakutasaidia, maadamu mraba limekwisha kuota mizizi. Kinachohitajika ni kwamba waandishi wa vitabu na wafasiri wa nyaraka za ardhi washikilie "za mraba" kwa eneo na "mraba wa" kwa umbo, na kwamba wahariri wasiruhusu kihusishi hicho kiachwe.