Eriali Iliyo Ndani ya Sikio

Somo la mawimbi tunafundishwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tukisikia kengele tunayaacha mawimbi hayo hapo hapo ubaoni. Leo nitajaribu kuyaleta kwa Kiswahili, tena nitaanzia kwa kitu ambacho kila mtu wa Kisii na Nyamira anakijua: redio ya nyanya pale jikoni.

Redio ile ina eriali mbili. Moja inaonekana. Ni ule ufito wa chuma tunaouvuta ili kupata FM, na ukivunjika tunafunga waya na kuupeleka hadi kwenye mabati. Ya pili imejificha ndani. Fungua kifuniko (nyanya akiwa shambani, bila shaka) utaona kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hicho ndicho kinachoshika stesheni za MW.

Kwa nini mbili? Mawimbi ya redio husafiri karibu mita 300,000,000 kwa sekunde. Gawanya mwendo huo kwa idadi ya mitikisiko kwa sekunde nawe utapata urefu wa wimbi moja. Stesheni iliyo kwenye megahezi 100 za FM ina wimbi la mita 3. Eriali ya ufito hufanya kazi vizuri ikiwa robo ya wimbi, yaani sentimita 75, na ufito wa redio kubwa hauko mbali sana na kipimo hicho. Sasa chukua stesheni ya MW iliyo kwenye kilohezi 600. Wimbi lake ni mita 500, robo yake mita 125! Nani atabeba mlingoti huo hadi jikoni? Ndiyo maana kikaletwa kijiti cha feraiti. Chenyewe hakishindani na urefu wa wimbi, bali hukusanya ile sehemu ya wimbi iliyo ya sumaku. Weka redio kwenye MW uizungushe polepole. Kuna pahali sauti itafifia hata iwe kama imezimwa, kwa sababu ncha ya kijiti imeelekea mnara. Kumbuka kijiti hicho, tutakirudia.

Tuje sasa kwa vile visikizi vidogo visivyo na waya ambavyo vijana mjini Kisii wanatembea navyo masikioni. Vinatumia Bluetooth, mtindo ulioanzishwa na kampuni kadhaa zilizoungana mwaka 1998 na kupewa jina la mfalme mmoja wa kale wa Denmark. Mawimbi yake ni ya megahezi 2,400 na ushei. Piga hesabu: wimbi ni sentimita 12.5, robo ni kama sentimita 3. Utasema, basi ni rahisi. La hasha! Ndani ya kisikizi kuna betri, spika, maikrofoni na saketi, vyote vikigombania nafasi isiyotosha hata punje chache za mahindi. Kwa hivyo eriali inakunjwa kunjwa kama nyoka, au inachorwa juu ya plastiki ya ndani. Ikikunjwa sana nguvu zake hupungua. Tena ngozi ikiwa karibu huivuta eriali itoke kwenye masafa yake, kwa hivyo mafundi hawaipimi ikiwa juu ya meza tu. Huivisha kichwa cha bandia kilichojazwa kioevu kinachofanana na mwili wa mtu.

Tena hicho kichwa ndicho shida yenyewe. Wanaoishi bondeni nyuma ya kilima cha Manga wataelewa haraka. Mawimbi ya FM hayapendi kupita ndani ya mlima. Ukiwa upande wa pili, Egesa FM inakwaruza hadi upande mtelemko. Kati ya sikio na sikio kichwa ni Manga mdogo. Kina maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya megahezi 2,400 vibaya sana. Kinachofika sikio la pili hakikupita katikati. Kimetambaa juu ya ngozi kuzunguka kisogo au uso, au kimegonga ukuta kikarudi. Wimbi linalotambaa hivyo huishi zaidi likiwa limesimama wima juu ya ngozi kuliko likiwa limelala, kwa hivyo mbunifu mzuri huipanga eriali yake isukume umeme kutoka ngozini kwenda nje.

Ukitaka ushahidi, azima visikizi wakati wa likizo. Tia simu kwenye mfuko wa nyuma, usikilize wimbo ukiwa chumbani. Halafu nenda katikati ya uwanja wa mpira. Mara nyingi ni huko uwanjani, ambako hakuna kizuizi chochote, ndiko sauti inakatika katika! Chumbani kuta zilikuwa zinarudisha mawimbi. Uwanjani hakuna ukuta, umebaki wewe na mwili wako uliosimama kati ya simu na sikio.

Hapa ndipo kile kijiti cha nyanya kinaporudi. Baadhi ya mafundi waliona heri kuuacha mlima na kutumia sumaku. Wanaweka katika kila sikio kijiti kidogo mno cha feraiti chenye waya, na vijiti hivyo viwili vinaongea kwa masafa ya karibu megahezi 10. Uwanja wa sumaku hupita kichwani kana kwamba maji hayapo. Ubaya wake ni kwamba hufifia upesi. Ukiongeza umbali mara mbili, unabaki thumuni moja ya nguvu ya uwanja ule. Kwa hivyo unatosha kutoka sikio hadi sikio lakini simu iliyo mbali haiwezi kuupata. Pia vijiti visipoelekeana vizuri, mazungumzo huisha, sawasawa na redio uliyoizungusha.

Wanaofaidika zaidi, kwa maoni yangu, si wapenda muziki. Ni watu wenye uzito wa kusikia, wakiwemo wanafunzi wanaokaa dawati la mbele na bado wanakosa nusu ya somo. Vifaa vya kuwasaidia kusikia huvaliwa masikio yote mawili, na betri yake ni ndogo kuliko kifungo cha shati. Vikiwasiliana, mtu akipunguza sauti sikio la kulia, la kushoto nalo linafuata. Tena huweza kulinganisha kelele zinazofika pande zote mbili na kuchagua sauti ya aliye mbele, yaani mwalimu.

Kuna wanaosema mawimbi haya yanapika ubongo kwa kuwa oveni za maikrowevu hutumia masafa yayo hayo. Masafa ni kweli. Lakini oveni ina wati kama 800, na kisikizi kwa kawaida hakizidi mia ya wati moja. Hiyo ni mara 80,000 chini. Kinachoharibu masikio ni sauti kupandishwa hadi juu kabisa kwa saa nyingi, na kwa hilo hata visikizi vya waya havina tofauti.