Binti Akisha Kubaleghe

Ndugu zetu Waislamu, tumeletewa suala ambalo tumeona si haki kulijibu kwa mtu mmoja pekee. Bibi mmoja, mama wa watoto, atueleza ya kuwa tangu alipovunja ungo hakupata kufungua hata siku moja ya Ramadhani kwa ajili ya hedhi. Akiona haya mbele ya baba yake na nduguze, akifunga pamoja nao, na akidhani thawabu zake zazidi. Miaka ishirini imepita hivyo.

Jawabu ya fiqhi ni fupi. Saumu ya mwenye hedhi haisihi. Sala za siku hizo hazilipwi, lakini saumu hulipwa. Tukikadiria siku saba kwa kila mwaka, bibi huyu ana deni la siku 140. Na azilipe kidogo kidogo kwa kadiri ya uwezo wake, wala asikate tamaa na rehema ya Mola wake.

Lililotushughulisha ni jambo jingine: katika miaka yote hiyo, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumwambia?

Katika madhehebu yetu ya Shafi, damu ya hedhi ikimtoka binti baada ya kutimia miaka tisa kwa hesabu ya miezi ya Kiislamu, amekwisha kubaleghe. Tangu saa ile huandikiwa mema yake na mabaya yake kama aandikiwavyo baba yake. Imam Nawawi, katika utangulizi wa Al-Majmuu, ameeleza ya kuwa ni juu ya wazazi kuwafundisha watoto wao, wangali wadogo, yale yatakayowalazimu wakisha kubaleghe. Wangali wadogo! Nasi twafanya kinyume chake. Zamani katika miji yetu ya pwani binti akivunja ungo alikuwa akitawishwa, na chuo kikaishia hapo. Leo hatawishwi, skuli aenda, sokoni aenda, na harusi hazimpiti. Lakini katika nyumba nyingi tuzijuazo madrasa ndiyo aachishwayo, kwa hoja ya kuwa amekua. Ajabu ya hoja hii! Huko kukua ndiko kulikomtia katika sharia. Nyumbani aambiwa si mtoto tena. Msikitini pengine hapana hata pembe ya kukaa asikilize darsa. Na jamaa zake wamhesabu kuwa ni wa watu, yuangoja kuolewa. Basi huyu ni wa wapi?

Wanawake wa Madina walimwomba Mtume (S.A.W.) awawekee siku yao ya mafundisho, naye akawawekea. Asma alimuuliza namna ya kujitwahirisha na hedhi, akajibiwa, wala hakukaripiwa. Bibi Aisha akawasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na Imam Ghazali amesema ya kuwa mume asiyemfundisha mkewe wala kumuulizia kwa wanavyuoni, hana haki ya kumzuia kutoka kwenda kuuliza, na akimzuia yeye ndiye mwenye dhambi.

Wala haya si mageni kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858. Wako wasemao utenzi ule wafundisha mke kumtii mume tu. Sisi twawaambia watazame kwanza ni nani aliyeutunga. Na marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947, aliwahimiza watu kuwasomesha watoto wa kike, na wako waliomchukia kwa hilo.

Bibi yule ameanza kulipa deni lake kwa Jumatatu na Alkhamisi. Ana mabinti wawili, naye ataka kuwaleta katika darsa yetu ya wanawake. Mumewe amekataa. Wa miaka kumi na minne, asema, amekwisha kukua. Na wa miaka tisa angali mdogo. Tumemwandikia, na jawabu yake twaingojea.