Tata alimpa mwingine nauli yake ya hospitali

Barua imetoka Kinoo, upande wa 87, kwa mwanamke anayefanya kazi katikati ya jiji. Shangazi yake, ambaye nyumbani walimwita tata kama ilivyo kwa Wakikuyu wengi, alifariki mwaka jana baada ya kuugua figo kwa miaka sita. Misa ya ukumbusho ni wiki tatu zijazo. Familia imemwachia yeye kazi ya kuandika wasifu, na kaka za marehemu wametoa sharti moja: ugonjwa usitajwe. Iandikwe kwamba alikuwa mcha Mungu na mkarimu, basi.

Kinachomkosesha usingizi ni jambo jingine. Jumuiya iliwahi kumchangia tata nauli ya mwezi mzima ya kwenda dayalisisi. Yeye akampa mgonjwa mwenzake aliyekuwa akitoka Limuru, akanyamaza. Wiki ile alikosa kipindi kimoja, na Jumapili usiku akakimbizwa hospitali akihema. "Kila mtu anamsifu kwa mkono wake mwepesi," anaandika, "na mimi bado nina hasira naye. Nitasimamaje mbele ya watu niseme alikuwa mkarimu?"

Atasimama, na atasema. Ila kwanza azungumze na wazee hao, kaka za tata, kuhusu lile sharti, kwa heshima na bila kurudi nyuma.

Mtu aliyeishi na figo zilizokufa hawezi kusimuliwa bila figo hizo. Mashine ya dayalisisi humshika mgonjwa kama saa nne kila kipindi, na Wakenya wengi wamezoea kwenda mara mbili kwa wiki, kwa kuwa ndivyo bima ya afya ya NHIF ilivyokuwa ikilipia kabla ya SHA kushika nafasi yake Oktoba 2024. Bima hulipia mashine. Matatu ya Waiyaki Way hailipii, na mvua ikinyesha jioni nauli hupanda wakati mgonjwa ametoka kitandani hana hata nguvu ya kusimama stejini. Ukiufuta ugonjwa kwenye wasifu, alichokitoa tata kinabaki noti chache tu. Ukiuacha, msikilizaji anajua noti zile zilikuwa nini.

Na barua yenyewe imejaa mambo ambayo wazee wangependa yasisomwe, nayo ndiyo mazuri kuliko yote. Kuna kikombe kidogo cha bluu alichopimia maji yake ya siku, kwa sababu maji yakizidi mwili hauna pa kuyapeleka. Jumuiya ilipokuja kusali kwake aliwamiminia chai hadi thamosi ikaisha, naye akalowesha midomo kwa kile kikombe. Kuna mkono wa kushoto, wenye mshipa uliovimba mahali sindano zilipokuwa zikiingia; watoto wa nyumba ile waligombania kuugusa kwa sababu ulitetemeka chini ya kidole, naye aliwaacha waguse mmoja mmoja huku akiendelea na rozari kwa mkono wa kulia. Hayo yaandikwe kama yalivyo.

Wazee wakisema ugonjwa ni aibu mbele ya altare, wakumbushwe Papa Yohane Paulo II, aliyefika Nairobi mara tatu: 1980, 1985 na 1995. Miaka yake ya mwisho ugonjwa wa Parkinson ulimtetemesha mbele ya kamera za dunia nzima. Pasaka ya 2005 alitokea dirishani, akajaribu kusema, sauti ikakataa, akabariki umati kwa mkono. Siku chache baadaye alifariki, na mwaka 2014 Kanisa lilimtangaza mtakatifu bila kulificha dirisha lile. Karibu zaidi na nyumbani yupo Sista Irene Stefani, aliyekufa Gikondi, Nyeri, mwaka 1930 kwa tauni baada ya kumuuguza mgonjwa. Jina Nyaatha, mwenye huruma, alipewa na watu aliowahudumia. Alipotangazwa mwenyeheri Nyeri mwaka 2015, waumini walikuwa bado wanasimulia buti zake nzito za kutembelea vijijini.

Sasa hasira. Safu hii haioni kosa ndani yake. Aliyekaa na tata usiku ule wa Jumapili, akihesabu pumzi zake, ana haki ya kuuliza kwa nini hakuambiwa, na tata alikosea kunyamaza. Angesema neno moja, jumuiya ingechanga tena. Hilo lisemwe nyumbani, kwa kaka zake, kabla ya misa. Huenda nao wana lao walilolimeza mwaka mzima. Kanisani kisomwe kitendo chenyewe kwa sentensi mbili au tatu, bila jina la mgonjwa wa Limuru, pamoja na kwamba kilimgharimu na kiliwatia hofu waliompenda.

Kabla ya kuandika, apande matatu siku moja ya zile mbili, saa ambayo tata alizoea kutoka, aende kwenye kile chumba cha mashine. Waliolala vitanda vya jirani kwa miaka walimsikia akicheka, akilalamika na akisali wakati familia iko kazini. Awaulize. Na asiende mikono mitupu: anaweza kubeba nauli ya mtu mmoja.