Kutoa ni Moyo: Habari za Jeanne Jugan

Likizo iliyopita bibi yangu, mzaa baba, aliletwa kwetu kwa kuwa hakuweza tena kujipikia. Mama akaniamuru nimwachie kitanda changu, nami nilale mkekani. Nilitii, lakini kwa kununa, na bibi aliona. Niliporudi shuleni, mwalimu wetu wa historia alitutaka kila mmoja aandike habari za mtu aliyewafaa wenzake. Katika maktaba nilisoma habari za mwanamke mmoja wa Ufaransa, nikaona haya.

Jeanne Jugan alizaliwa tarehe 25 Oktoba, 1792, katika mji wa Cancale, pwani ya Brittany. Baba yake alikuwa mvuvi, akapotea baharini Jeanne akiwa bado mtoto mdogo. Alipopata umri wa miaka 16 alikwenda kutumika jikoni katika nyumba ya matajiri, na baadaye hospitalini katika mji wa Saint-Servan. Siku zile wazee wengi walikuwa wakiombaomba njiani, maana Mapinduzi ya Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1789, yalikuwa yamefunga mashirika mengi ya dini yaliyotunza maskini.

Wakati wa baridi wa mwaka 1839, Jeanne alimpokea Anne Chauvin, bibi kizee kipofu aliyepooza upande mmoja. Nafasi ilikuwa haba. Akamlaza katika kitanda chake, mwenyewe akaenda kulala darini. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichotoa: kitanda.

Cha pili kilikuwa fahari yake. Wazee walipozidi, fedha za kufua nguo za watu hazikutosha. Basi Jeanne aliwauliza wale wazee majina ya watu waliozoea kuwapa sadaka, akachukua kikapu, akaenda kuomba yeye badala yao. Husimuliwa ya kwamba mtu mmoja alimpiga kofi. Jeanne akamjibu kwa upole kuwa kofi lile ni fungu lake yeye, sasa atoe na fungu la maskini. Mwaka 1845 Académie française, baraza la wasomi wa Ufaransa, lilimpa tuzo kwa wema wake.

Cha tatu ni kigumu kuliko vyote, nacho ni jina. Mwaka 1843 wenziwe walimchagua tena awe mkubwa wao, lakini padre aliyewaongoza, Auguste Le Pailleur, aliutangua uchaguzi huo, kisha akajiita yeye ndiye mwanzilishi. Tangu mwaka 1852 Jeanne hakutoka tena kuomba. Alikaa kimya miaka 27, na masista wengi vijana walioishi naye hawakujua ya kuwa yeye ndiye aliyeianza kazi ile. Alifariki tarehe 29 Agosti, 1879. Mwaka 1890 padre yule aliondolewa katika uongozi, na ukweli ukajulikana. Mwaka 2009 Papa Benedict XVI alimtangaza Jeanne kuwa mtakatifu.

Shirika lake huitwa Masista Wadogo wa Maskini, nalo lingali likitunza wazee katika nchi nyingi. Hata Nairobi wana makao yaitwayo Nyumba ya Wazee.

Shuleni petu tumo Waislamu na Wakristo, wala sikuandika haya ili kumvuta mtu katika dini. Wazee wako katika kila nyumba. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi nilidhani nimetoa, kumbe kitanda kilitoka, moyo ukabaki. Jeanne hakuanza kwa kujenga nyumba kubwa. Alianza kwa kumpisha mtu mmoja.

Likizo ijayo, nikijaliwa, nitamwamkia bibi, kisha nitautandika mkeka wangu kabla sijaambiwa.