Fundi amepiga Windows upya, sasa inadai ufunguo

SWALI: Laptopu yangu ilitoka dukani na Windows 10 Home halali. Juzi imeingia virusi, fundi akapiga Windows upya. Sasa kwenye kona ya skrini pameandikwa “Activate Windows”, na fundi anataka hela nyingine aniuzie ufunguo. Nilipe?

JIBU: Usilipe kwanza. Leseni yako haikufutika pamoja na diski. Microsoft wanaitambua mashine kwa vifaa vyake, hasa ubao mama, na Windows ileile ikirudishwa, kwa kawaida hujihalalisha yenyewe ukiunganisha intaneti.

Neno ni hilo: ileile. Fungua Settings, System, kisha About, usome toleo. Nina wasiwasi utakuta Pro. Mafundi wengi hutembea na flashi moja na kila mteja humpigia Pro, wakati leseni ya Home haifungui Pro hata kidogo. Mwambie arudie na Home. Akiombwa ufunguo wakati wa kusakinisha, achague “I don't have a product key”. Hifadhi mafaili yako kwanza.

Kama ubao mama ulibadilishwa, habari ni nyingine: ingia Activation, bonyeza Troubleshoot, kisha tumia akaunti ya Microsoft uliyokuwa umeiunganisha na leseni.

Akikwambia anayo programu ya kuvunja leseni bure, kataa. Nyingi huomba uzime kinga ya virusi kwanza, na virusi ndivyo vilivyokupeleka kwake.