Skuta ya Kichina na Mteremko wa Rebero

Kilima cha Rebero kiko katika Wilaya ya Kicukiro, kusini mwa Jiji la Kigali. Wengi hukijua kwa sababu ya ukumbusho uliopo huko, ambako kila tarehe 13 Aprili taifa hufunga wiki ya maombolezo. Wenye vyombo vya magurudumu mawili hukijua pia kwa sababu nyingine: ukipanda, injini ndogo hulalamika, ukishuka, breki ndizo zinazotahiniwa. Wasomaji wetu wa Rusumo, Gatuna, Cyanika, Rubavu na Rusizi huenda hawana safari ya Rebero, lakini miteremko ya namna hiyo wanayo nyumbani. Barabara ya Rusumo peke yake hushuka kutoka pande zote mbili hadi kwenye daraja la Mto Kagera. Kwa hiyo tumekifanya kilima hiki kuwa darasa la somo letu la leo, linalohusu skuta za bei nafuu kutoka China, jinsi ya kuzitunza na jinsi ya kuzinunua bila kujiingiza katika matatizo ya kisheria.

Tuanze na jambo litakalomfurahisha mwenye fedha kidogo. Skuta nyingi za aina hii, hata zikiandikwa majina tofauti ubavuni, hubeba injini ya ukoo mmoja uitwao GY6. Ni injini ya silinda moja, ya mipigo minne, inayopozwa kwa feni, na asili yake ni usanifu wa kampuni ya Honda. Viwanda vingi vya China na Taiwan viliuchukua usanifu huo na kuutengeneza kwa wingi. Matokeo yake ni kwamba spea za skuta moja mara nyingi huingia katika nyingine, na fundi aliyeifahamu injini moja amezifahamu zote. Anayesema kwamba skuta za Kichina hazina maisha husema nusu tu ya ukweli. Injini yenyewe ni imara, na kinachoiua ni kazi iliyofanywa kwa haraka wakati wa kuiunganisha, pamoja na mwenye chombo asiyeigusa mpaka isimame.

Skuta hizi husafirishwa zikiwa vipande ndani ya kreti, kisha huunganishwa na muuzaji au fundi wake. Kwa sababu hiyo, wiki ya kwanza ni ya spana. Kazeni bolti na nati zote: za magurudumu, za usukani, za kushikilia injini, na hasa nati mbili zinazofunga bomba la moshi kwenye kichwa cha injini, ambazo hulegea mapema kuliko nyingine. Pakeni grisi kwenye ekseli na mafuta mepesi ndani ya waya za breki. Oili ya kwanza imwagwe kati ya kilomita 300 na 500, kwa maana hubeba unga wa chuma wa vyuma vinavyozoeana.

Baada ya hapo oili ndiyo sheria ya kwanza. Injini hii hubeba oili kiasi cha lita 0.8 tu, yaani pungufu ya chupa moja ya lita. Kiasi hicho kidogo huchafuka upesi, na katika nchi ya milima huchemka upesi vilevile. Kwa mwenye kupanda na kushuka kila siku, tunashauri ibadilishwe kila kilomita 1,000 hadi 1,500, na kipimo kitazamwe kila wiki. Injini ya GY6 haina chujio la karatasi kama gari. Ina wavu mdogo wa chuma nyuma ya kizibo chenye springi. Mfungueni fundi macho ausafishe wavu huo, maana wako wanaomwaga oili na kuuacha. Tena kuna oili ya pili inayosahauliwa na karibu kila mtu, ile ya gia za gurudumu la nyuma. Ni kidogo mno, chini ya robo lita, lakini ikikauka gia husagika kwa mlio ambao mwenye skuta huudhania kuwa ni wa tairi.

Chujio la hewa ni sponji. Vumbi jekundu la barabara za mpakani hulijaza kwa siku chache, na injini isiyovuta hewa hula petroli na kutoa moshi mweusi. Lioshwe kwa sabuni, likaushwe kabisa, lipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari nao una athari. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Skuta yenye kabureta iliyorekebishwa pwani huletwa huku ikiwa na petroli nyingi kuliko hewa, nayo hukosa nguvu mlimani na kukohoa. Plagi itawaambieni hali ilivyo: ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, ikiwa ya rangi ya kahawia, mambo ni sawa, ikiwa nyeupe, petroli ni haba na injini inaungua. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia za panya tusiizungumzie sana. Mbali na kuwa ni magendo, mara nyingi ina maji au mafuta ya taa ndani yake, na kabureta ndiyo hulipa.

Injini inayowaka asubuhi bila taabu lakini ikakataa kuwaka ikiwa ya moto huwapeleka wengi kununua betri mpya. Kabla ya hapo, nafasi ya valvu ipimwe injini ikiwa baridi. Katika injini hizi nafasi hiyo hupungua kadiri valvu zinavyochakaa, mpaka zikashindwa kufunga barabara. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi mwenye kipimo cha majani.

Sasa tufike kwenye mkanda, ambao ni moyo wa skuta kama mnyororo ulivyo moyo wa pikipiki ya kawaida. Mkanda wa mpira huzunguka kati ya puli mbili zinazobadili upana zenyewe, na ndio unaofanya kazi ya gia. Juu yake pameandikwa namba, kwa mfano 743-20-30: urefu wa milimita 743, upana wa milimita 20, na pembe ya nyuzi 30. Msinunue mkanda kwa kuutazama kwa macho; soma namba ya ule wa zamani. Ukipungua upana kwa milimita moja na zaidi, au ukionyesha nyufa, ubadilishwe. Roli sita zilizo ndani ya puli ya mbele zitazamwe wakati huohuo, kwa sababu zikiliwa upande mmoja skuta hushtuka-shtuka wakati wa kuondoka. Mkanda ukikatika mlimani, chombo husimama. Ukikatika mteremkoni, injini haina tena njia yoyote ya kulizuia gurudumu.

Hapo ndipo tulipotaka kufika, kwa kuwa jambo hili hugharimu maisha. Mwendeshaji aliyezoea pikipiki ya gia hushuka mlima katika gia ya pili na kuiachia injini imshike. Skuta haina gia ya kuchagua. Klachi yake hushika pale tu inapozunguka kwa kasi ya kutosha. Ukianza kuteremka polepole ukiwa umeachia mafuta, klachi haijashika, na skuta hushuka kama baiskeli, ikiongeza kasi kwa uzito wa mwendeshaji, abiria na gunia. Tiba yake ni ndogo: mwanzoni mwa mteremko vuta mafuta kidogo mpaka usikie injini imeshika, kisha achia. Sasa injini itavuta nyuma, ingawa kwa nguvu hafifu. Kasi ikipungua mno na ukahisi chombo kimekuwa chepesi, rudia.

Wako wanaozima injini kileleni ili kuokoa petroli. Tunasema wazi kwamba hili ni jambo la hatari na tunaliomba likomeshwe. Injini iliyozimwa haimshiki mtu, na ufunguo ukizungushwa zaidi ya ilivyokusudiwa unaweza kufunga usukani. Petroli inayookolewa kwa kilomita mbili za mteremko haifiki thamani ya andazi.

Breki zenyewe hushindwa kwa moto. Katika skuta nyingi breki ya nyuma ni ya dramu. Ikibanwa mfululizo dramu hupanuka, viatu vya breki vikang'aa kama kioo, na mkono wa breki ukafika kwenye mshikio bila chombo kupungua mwendo. Breki ya mbele ya diski hutumia mafuta ya breki, na mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 huanza kuchemka katika nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Kwa sababu hiyo yabadilishwe kila miaka miwili hata kama yanaonekana mengi. Mteremkoni tumieni breki zote mbili, mkibana kwa nguvu kiasi na kuachia, badala ya kuziburuza tangu kileleni. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni pembeni zipoe. Msizimwagie maji.

Tairi na taa ni habari fupi: upepo upimwe tairi zikiwa baridi, na taa ya breki ijaribiwe kila asubuhi, kwa sababu swichi yake ni dhaifu.

Imebaki habari ya kununua, na hapa tunazungumza kama polisi zaidi ya mafundi. Maeneo ya mpakani ndiko skuta isiyo na historia hupata mnunuzi. Kabla ya kutoa fedha, tafuteni namba ya fremu, ambayo mara nyingi hufichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki miguuni au chini ya kiti. Namba kamili ina herufi na tarakimu 17. Ya chombo kilichotengenezwa China huanza na herufi L, na ndani yake hamna kamwe herufi I, O wala Q. Herufi ya kumi kwa kawaida huonyesha mwaka wa modeli: L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024. Muuzaji anayesema chombo ni cha mwaka jana huku namba ikisema vingine ana la kueleza. Papaseni pia chuma chenyewe, kwani alama za tupa, rangi mpya mahali pamoja, au tarakimu zisizokaa mstari mmoja ni sababu ya kuahirisha biashara.

Kisha isomwe namba ya injini, upande wa kushoto chini. Maandishi 139QMB, 152QMI au 157QMJ si fumbo. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, na mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita. Injini ya 139QMB ni ya sentimita za ujazo 50, ya 152QMI ni 125, na ya 157QMJ ni 150. Anayewauzia 139QMB kwa bei ya 125 anawaibia mchana, na skuta hiyo haitapanda Rebero ikiwa na abiria. Injini iliyobadilishwa kihalali si kosa, mradi mabadiliko yameandikishwa. Huku Rwanda usajili hufanywa na Mamlaka ya Mapato, RRA. Upande wa Tanzania ni TRA. Jina lililo kwenye kadi liwe la anayeuza, akiwepo yeye mwenyewe na kitambulisho chake.

Msomaji anaweza kuuliza kama haya yote yana faida, ilhali tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme. Amri hiyo haikuziondoa barabarani pikipiki za petroli zilizokuwapo, wala haihusu skuta ya mwenye duka anayebebea bidhaa zake.

Mwenye kuvuka mpaka na achukue bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo, kwa sababu bima ya nyumbani pekee haimlipi mtu aliyegongwa upande wa pili. Akumbuke pia kwamba Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, na Tanzania na Uganda hupita kushoto. Pale Rusumo, Gatuna, Cyanika na Kagitumba upande hubadilika ndani ya mita chache, na mkono uliochoka hurudi ulikozoea. Namba ya chombo inayotiliwa shaka iletwe katika kituo chochote cha polisi kabla ya malipo kufanywa. Ndani ya Rwanda ajali ya barabarani huripotiwa kwa simu 113, na dharura nyingine kwa 112.